Unasoma Kikorea na umekwama? Tutafute tatizo liko wapi

Vitabu vya mwanzo umevimaliza. Hangul, alfabeti ya Kikorea, unaisoma bila kusitasita, unaweza kujitambulisha, kuagiza chakula, kueleza jana ulifanya nini. Kisha unafungua kitabu ambacho Wakorea wenyewe wanakisoma, na baada ya dakika ishirini bado uko aya ya kwanza. Maneno umeyatafuta yote, ila hujui nani kamfanyia nani nini.

Wengi wakifika hapo hujiambia kwamba msamiati hautoshi, wanarudi kukariri orodha. Mimi nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka na sikusogea. Baadaye nilipoanza kukaa na wasomaji wenzangu waliokwama niliona kwamba msamiati ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Ipo nyingine inayotuhusu sisi hasa: tunasoma Kikorea kwa kupitia Kiingereza. Vitabu vya kujifunzia ni vya Kiingereza, kamusi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kila sentensi inapigishwa kona London kabla ya kufika kwetu. Katika kona hiyo vinapotea vitu ambavyo Kikorea kinavyo na Kiswahili kinavyo. Karibu kila tiba nitakayoitoa hapa chini inatokana na kuikata hiyo kona.

Kwanza pima

Usianze kujitibu kabla hujajua unaumwa nini. Chukua sentensi moja iliyokushinda, tafuta maneno yake yote, andika maana juu ya kila neno, kisha isome tena kuanzia mwanzo.

Ikifunguka, tatizo ni msamiati, au umechagua kitabu kilichokuzidi. Isipofunguka hata baada ya kujua maneno yote, tatizo ni muundo. Ukiona vitendo vyote lakini hujui mtendaji ni nani, hilo ni tatizo lake peke yake na lina tiba yake. Ikiwa neno lenyewe hulipati kwenye kamusi, tatizo ni umbo. Na kama unaelewa kila kitu ila ukurasa mmoja unakula saa nzima, shida ni kasi. Fanya hivyo kwa sentensi kumi, hesabu ni dalili gani imejirudia zaidi, uanze na hiyo.

"Maneno yote nayajua, sentensi haifunguki"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote, kwa hiyo tuikalie. Kikorea huweka kitenzi mwisho kabisa, na kila maelezo ya nomino hutangulia nomino yenyewe. Sisi tunamtaja mtu kwanza halafu tunamweleza: mama niliyekutana naye sokoni. Mkorea anaanza na soko, anafuata kukutana, na mama anatokea mwisho. Msomaji anayekwenda neno kwa neno kutoka kushoto anabeba vipande asivyojua ni vya nani, na vikifika vitano au sita vinamwagika.

Tazama sentensi hii:

어제 시장에서 만난 아주머니가 사 준 우산을 버스에 두고 내렸다.

Nenda mwisho kwanza. 내렸다 ni kushuka, wakati uliopita. Kabla yake kuna 두고: 두다 ni kuweka au kuacha kitu mahali, na -고 inaunganisha, yaani kuacha na kushuka. Kuacha wapi? 버스에, kwenye basi. Kuacha nini? Tafuta chenye 을 au 를: 우산을, mwavuli. Tayari una uti wa mgongo: mtu kashuka, mwavuli kauacha kwenye basi.

Yote yaliyobaki, kuanzia 어제 hadi 준, yanaeleza ule mwavuli. Utajuaje? Angalia 만난 na 준. Zote zinaishia na ㄴ, na baada ya kila moja inafuata nomino. Hiyo ㄴ inafanya kazi ya o-rejeshi yetu. 만난 아주머니 ni mama niliyekutana naye. 사 준 우산 ni mwavuli alioninunulia. Unganisha: mwavuli alioninunulia yule mama niliyekutana naye jana sokoni, nimeuacha kwenye basi.

Irudie sentensi hiyo ya Kiswahili polepole. Ina "-ye-", ina "-o-", ina "-lia" ya kununulia. Vyote vimo kwenye Kikorea, ila vimekaa upande wa pili wa nomino. Kiingereza hakina kauli ya kutendea wala o-rejeshi inayoshikana na kitenzi, ndiyo maana maelezo yake huwa marefu na yanachosha. Wewe tayari unavyo tangu utotoni.

Shika mapacha haya manne, yanabeba sehemu kubwa ya sentensi ndefu utakazokutana nazo:

읽는 책: kitabu ninachosoma
읽은 책: kitabu nilichosoma
읽을 책: kitabu nitakachosoma
읽던 책: kitabu nilichokuwa nikisoma, na huenda sikukimaliza

Jihadhari na vivumishi. Kwenye vivumishi ㄴ au 은 haina habari ya wakati uliopita: 작은 집 ni nyumba ndogo, basi.

Kuna kanuni nyingine iliyoniokoa mara nyingi. Ndani ya maelezo ya nomino, mtendaji hubeba 이 au 가, habebi 은 au 는. Kwa hiyo ukikuta 는 mwanzoni mwa sentensi, iache isubiri. Mara nyingi kitenzi chake kiko mwisho kabisa. Katika 동생은 내가 읽던 책을 가져갔다, 내가 ni wa 읽던 aliye karibu, na 동생은 anavuka wote hadi 가져갔다. Mdogo wangu amechukua kitabu nilichokuwa nikisoma. Ukimpa 동생 kile kitenzi cha kwanza unachokutana nacho, hadithi nzima inapinduka.

Tiba ni penseli. Kwa wiki mbili, chukua sentensi tano tu kwa siku. Zungushia duara kitenzi cha mwisho. Piga mstari wa wima baada ya kila -고, -서, -지만, -면, -니까 na -는데. Fungia kwenye mabano maelezo yote hadi kwenye nomino yake. Kisha sema sentensi nzima kwa Kiswahili, kwa sauti. Baada ya siku kumi hivi mkono utaanza kuchelewa kuliko jicho, na hapo penseli unaiweka kando.

Na kuhusu -는데: vitabu vingi hufundisha kwamba maana yake ni "lakini". Mara nyingi si hivyo, inatandika tu mazingira kabla ya jambo lenyewe. 밖에 비가 오는데 우산 있어? Mvua inanyesha nje, una mwavuli? Hapo hakuna "lakini" yoyote. Ukilazimisha "lakini" kila mahali, utaona ugomvi ambao mwandishi hakuuandika.

"Sijui nani anafanya nini"

Hapa Kiswahili kinatuachia pengo, na nadhani ndipo wasomaji wetu wanapoumia zaidi ya wengine. Kitenzi chetu kinambeba mtendaji wake popote kinapokwenda: nilienda, ulienda, alienda. Tumezoea kumsikia ndani ya neno. Kikorea kinasema 갔다 na kunyamaza. Kitenzi hicho kinaweza kuwa mimi, wewe, yeye au wao, na mwandishi anaamini umemfuata.

Alama za kumtambua zipo, zimewekwa kwengine tu. Ya kwanza ni -시-. Ukiona 가셨다, si msimuliaji, maana mtu hajipi heshima mwenyewe. Ni mkubwa fulani aliyekwisha kutajwa, tafuta mzee au mwalimu kwenye mistari ya juu. Ya pili ni 드리다, kumpa mtu unayemheshimu. Mpokeaji ndiye mkubwa. Ya tatu ni hisia. 보고 싶다 kwa kawaida ni hamu ya msimuliaji mwenyewe, na 보고 싶어 하다 ni hamu ya mtu mwingine anayetazamwa kutoka nje. Vivyo hivyo 춥다, nasikia baridi, na 추워하다, anaonekana kusikia baridi. Tofauti hiyo ya silabi mbili tatu inamtaja mtendaji waziwazi kama a- yetu.

Ya nne: aliyetajwa kwa 는 anaendelea kutawala sentensi zinazofuata mpaka atajwe mwingine. Usitafute mtendaji mpya pale ambapo mwandishi hakumleta.

Zoezi lake ni rahisi na linafaa sana. Pembeni mwa kila kitenzi andika kiambishi cha Kiswahili: ni-, u-, a-, tu-, wa-. Herufi mbili tu. Pale utakaposhindwa kuandika ndipo ulipopotea, rudi nyuma mistari mitatu, usisonge mbele. Watu hupotea kwenye mstari wa nne na kugundua kwenye ukurasa wa pili.

Kwenye mazungumzo kuna mtego wa ziada, maneno ya mtu yanayosimuliwa na mwingine. 내일 온대 maana yake "eti anakuja kesho". Hiyo -대 ni ufupisho wa -다고 해, na "eti" yetu, ile ya kunukuu, inaibeba vizuri kabisa. 같이 가재 ni "anasema twende pamoja". 빨리 오래 ni "anasema uje haraka", na 오래 hiyo haihusiani na ile ya "kwa muda mrefu". Kwa hiyo sentensi moja fupi ina watu wawili: anayesema, na aliyesema kabla yake.

"Neno halimo kwenye kamusi"

Limo. Umelitafuta likiwa limevaa nguo nyingine. Kamusi inataka umbo la -다, na vitenzi kadhaa hubadilika konsonanti vikikutana na irabu: 도와 inatoka 돕다, 추워 inatoka 춥다, 몰라 inatoka 모르다, 흘러 inatoka 흐르다, 나아 inatoka 낫다, kupona.

Wabaya zaidi ni wale wenye wazazi wawili. 걸어 inaweza kuwa 걷다, kutembea, au 걸다, kutundika. 들어 inaweza kuwa 듣다, kusikia, au 들다, kuinua. 물었다 inaweza kuwa 묻다, kuuliza, au 물다, kuuma. Mwalimu akifanya hivyo ameuliza, mbwa akifanya hivyo ameuma; mtendaji ndiye anayekuambia, kwa hiyo usichague maana kabla hujamwona.

Kundi la pili ni vifupisho. 게 ni 것이, 건 ni 것은, 걸 ni 것을, 난 ni 나는, 뭘 ni 무엇을, 걔 ni 그 아이, 얘기 ni 이야기, 근데 ni 그런데. Hivi si vingi, viandike kwenye karatasi moja uiweke ndani ya kitabu.

Kundi la tatu ni majina ya watu. 하늘 ni anga, 보라 ni zambarau, 지혜 ni hekima, na zote tatu ni majina ya watu kama kwetu Neema na Furaha. Dalili ya jina ni 씨 baada yake, au 아 na 야 za kuita. Kuna pia 이 inayobandikwa kwenye jina linaloishia na konsonanti: 영진이가 ni 영진 yuleyule. Nilimtafuta "영진이" kwenye kamusi siku nzima nikidhani ni kitu.

Kuhusu kamusi yenyewe, ninayoitegemea ni 한국어기초사전 ya taasisi ya taifa ya lugha ya Kikorea, 국립국어원. Imeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, ina takriban maneno 50,000, na maneno ya msingi yamewekewa nyota kwa daraja, kwa hiyo unajua kama neno linafaa kukaririwa sasa au linaweza kusubiri. Maelezo yake yametafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kifaransa zikiwemo, jambo linalowafaa wenzetu wa Oman na wa Kongo. Kiswahili hakimo humo, lakini Naver, tovuti kubwa ya Kikorea, ina kamusi ya Kiswahili na Kikorea, na kwa nomino inasaidia sana.

"Maana ya kamusi haikubaliani na hadithi"

Unasoma kwamba mlima umeona. Mlima hauoni. Neno lilikuwa 보이다, wewe ukalisoma 보다.

Kikorea hunyambua vitenzi vyake kwa 이, 히, 리, 기 na 우, na hakuna mtu aliyejiandaa kwa jambo hilo kuliko mzungumzaji wa Kiswahili. Usikariri maneno haya kama maneno mapya, yapange kama tunavyopanga vyetu:

보다, 보이다: ona, onekana
듣다, 들리다: sikia, sikika
잡다, 잡히다: kamata, kamatwa
먹다, 먹이다, 먹히다: la, lisha, liwa
입다, 입히다: vaa, visha
웃다, 웃기다: cheka, chekesha
울다, 울리다: lia, liza
자다, 재우다: lala, laza

Na kitenzi kikifuatwa na 주다, hiyo ndiyo kauli ya kutendea: 사 주다 nunulia, 읽어 주다 somea, 열어 주다 fungulia. Mtu anayepitia Kiingereza anaandika daftarini maneno mawili kwa kila moja. Wewe unahitaji kujua shina na kiambishi tu. Tatizo linabaki moja: kiambishi kilekile kinaweza kutendesha au kutendwa. 보이다 ni kuonekana, na pia ni kuonyesha. Angalia kama kuna 을 au 를. Ikiwepo, mara nyingi mtu anaonyesha kitu. Isipokuwepo, kitu kinaonekana.

Majina ya jamaa nayo yanavurugwa na kamusi ya Kiingereza, ambayo inamwita kila mtu mjomba au shangazi bila kutofautisha upande. Yafungue kwa Kiswahili. 큰아버지 ni baba mkubwa, neno kwa neno. 작은아버지 ni baba mdogo. 고모 ni shangazi, dada wa baba. 외삼촌 ni mjomba. 이모 ni mama mkubwa au mama mdogo, na ndivyo pia wateja wanavyomwita mwanamke anayewahudumia mgahawani, kama tunavyomwita mama ntilie "mama" ingawa hakutuzaa. 우리 집 ni kwetu. Riwaya ya familia ya Kikorea inasomeka kwa wepesi mkubwa ukishawaona watu hawa katika nafasi zao.

Yapo pia maneno ya sura moja: 배 ni tumbo, ni boti, ni tunda la jamii ya pea. 눈 ni jicho na ni theluji. Haya yasikutishe, mtu aliyekua na "kaa" na "paa" anajua kwamba jirani wa neno ndiye anayesema ukweli.

"Nikifungua gazeti naona kama lugha nyingine"

Kitabu cha kiada kilikufundisha 가요 na 갑니다. Maandishi ya Kikorea, kuanzia habari hadi riwaya na insha, hayasemeshi mtu fulani mbele yake, kwa hiyo yanatumia 간다, 먹는다, 갔다, 학생이다. Hujakosea popote, hujafundishwa tu. Zoezi la siku tatu linatosha: chukua mazungumzo ya kitabu chako cha zamani, ugeuze kila sentensi iishie na -다. Kumbuka kwamba kivumishi hakichukui ㄴ: 간다, lakini 예쁘다.

Vichwa vya habari viache mwisho. Vinadondosha viunganishi, vinaishia na nomino, na vinatumia herufi moja ya Kichina badala ya nchi: 美 ni Marekani, 中 ni China, 日 ni Japani, 北 ni Korea Kaskazini. Soma aya ya kwanza ya habari, kisha rudi kwenye kichwa. Kitakuwa kimejifungua.

"Maneno hayakai kichwani"

Uliza kwanza kitabu kinakuzidi kiasi gani. Hesabu maneno 100 mfululizo, weka alama kila usilolijua. Matano au pungufu, hicho ni kitabu cha kusoma. Hadi kumi, kinafaa kwa kujifunza, ukurasa mmoja kwa siku. Zaidi ya hapo kirudishe rafuni bila aibu, kitakusubiri. Anayekutana na maneno ishirini mapya kwenye kila mia hasomi tena, anatafuta.

Pili, acha kuandika kila neno. Andika lile lililokutokea mara mbili, au lile lililoziba mlango wa sentensi. Matano hadi manane kwa siku, pamoja na sentensi yake.

Tatu, soma familia. Tunajua kwamba kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni ndugu, hata kama hatukusoma Kiarabu, masikio yametuambia. Kikorea kina ndugu wa namna hiyo waliotoka Kichina. 학 ni kujifunza: 학교, 학생, 유학, 과학, 문학. 실 ni chumba: 교실, 사무실, 화장실, 병실. 무 ni bila: 무료 ni bila malipo, 무관심 ni kutojali. Ukishawajua ndugu hamsini hivi, maneno mapya yanaanza kuja na nusu ya maana mkononi. Usiwaamini kupita kiasi, lakini. 수 ya 수학 ni hesabu, ya 수영 ni maji, ya 수술 ni mkono.

"Hata vitabu vya watoto vinanishinda"

Natamani kila mwanafunzi aambiwe hili mapema: kitabu cha mtoto si kitabu chepesi kwa mgeni. Mtoto wa miaka sita wa Kikorea tayari anajua maelfu ya maneno ya nyumbani ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha kiada, na hadithi za kale zimejaa vyombo vya zamani, kama 지게, chombo cha mbao cha kubebea mzigo mgongoni. Kwa daraja la kati, insha fupi za watu wazima kuhusu maisha ya kila siku ni rahisi zaidi. Kazi, jirani, mvua, safari ya treni. Sura za kurasa tatu, na maneno yanayojirudia.

Hata hivyo usiziache hadithi za watoto milele, kwa sababu ya kitu kimoja: tanakali. Kikorea kimejaa tanakali kuliko lugha nyingi ninazozifahamu, na kamusi ya Kiingereza inazieleza kwa mstari mzima usioacha sauti yoyote. Wewe tafuta ya kwetu. 풍덩 ni chubwi. 쿵 ni pu. 새까맣다 ni nyeusi tititi, 새하얗다 ni nyeupe pepepe, 새빨갛다 ni nyekundu ndu. 살금살금 ni kunyata. Mara ya kwanza nilipoandika "chubwi" juu ya 풍덩 nilimwona chura wa hadithi akiingia majini, na sijawahi kulisahau neno hilo.

"Naelewa, ila kasi hakuna"

Mara nyingi macho yanasoma silabi wakati masikio hayajui neno. Umeona 같이, ukalitamka kwa herufi zake, ilhali linasikika 가치. 국물 linasikika 궁물, 독립 linasikika 동닙, 읽는 linasikika 잉는. Neno ulilolisikia mara mia hulitambui kwa sababu umelitamka vibaya kichwani. Tafuta maandishi yenye sauti yake, sikiliza huku unafuata kwa kidole, kisha soma peke yako. Ukurasa uleule, siku tatu mfululizo, ukipima dakika.

Namba nazo zinakwamisha watu bila wao kujua. Kikorea kinahesabu kwa 만, elfu kumi, tunapohesabu kwa elfu. Tumia laki kama daraja: 10만 ni laki moja, 100만 ni milioni moja, 1억 ni milioni mia moja. Korea Kusini ina watu zaidi ya 5천만, yaani milioni 50. Kariri hizo tatu na uache kuhesabu sifuri.

Wanaojiandaa na TOPIK II, mtihani wa Kikorea kwa wageni, wana shida ya pekee, muda unaisha wakiwa katikati. Kwenye mtihani wa karatasi, sehemu ya kusoma ina maswali 50 kwa dakika 70, yaani sekunde 84 kwa swali, na kila swali ni alama 2. Maswali yanazidi kuwa magumu kadiri unavyosogea, kwa hiyo kugawa muda sawasawa ni kosa. Ya mwanzo yasizidi nusu dakika. Jua pia unatafuta nini. Mtihani mzima una alama 300: daraja la 3, ambalo wanaofadhiliwa na Global Korea Scholarship hutakiwa kulifikia baada ya mwaka wa lugha, linaanzia 120, la 4 linaanzia 150, la 5 ni 190 na la 6 ni 230. Anayetafuta la 3 au la 4 hana haja ya kupigana na maswali kumi ya mwisho. Afadhali arudi kwenye maswali ya 20 hadi 35, ahakiki pale alipoandika jibu bila kuwa na uhakika mtendaji ni nani.

Mitihani ya nyuma hutolewa bure kwenye tovuti rasmi ya TOPIK. Chukua mmoja, weka saa, ufanye hadi dakika 70 ziishe, uchore mstari pale ulipofika. Kisha, bila saa, malizia yaliyobaki. Ukipata mengi sahihi chini ya mstari, shida yako ni kasi, rudi kwenye kusikiliza na kurudia. Ukiyakosa hata bila saa, chukua penseli, urudi kwenye sentensi tano kwa siku.